Sauti Niliyompa Mzee wa Sinema

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, na hata ungekuwa hai sina hakika kama ningestahili marahaba yako. Nakuandikia kwa sababu mambo ya aibu nayaweza kwenye karatasi kuliko mdomoni, ingawa mdomo ndio uliokuwa kazi yangu.

Kijijini uliwaambia watu kwamba mwanao ni mkalimani mjini, kana kwamba nakaa meza moja na mabalozi. Ukweli ni kwamba nilikaa kwenye banda la video pale mtaa wa Chanji, kipaza sauti mkononi, nikiwatafsiria vijana sinema za Kizungu huku zinaendelea. Nilikuwa hodari, hilo nalisema bila kujidai. Mtu akipigwa ngumi, mimi ndiye niliyelia kwa niaba yake.

Kisha ikaletwa ile sinema ya shujaa mzee. Ilikuwa giza tupu, mvua mwanzo hadi mwisho. Zamani shujaa huyo alisimamisha treni kwa kifua chake. Sasa amezeeka, anaosha magari kwenye gereji, barakoa inambana, na watu aliowaokoa wanampita bila hata salamu. Nusu saa nzima hapigi mtu. Vijana wakaanza miluzi, mwenye banda akanikonyeza nichangamshe. Wakati huo mzee alikuwa ameinama anahangaika na kamba za buti, akasema maneno machache ya Kiingereza. Mimi nikakohoa kikohozi chako, nikasema, "Subili kwanza, magoti yanashauliana."

Banda zima lilikufa kwa kicheko.

Maneno hayo yalikuwa yako, baba. Uliyasema kila jioni ukitaka kuinuka kwenye kigoda, na sisi watoto tulinyamaza kuyangoja. Ulimi wako wa Kifipa haukupatana na herufi r hata siku moja. Rukwa yenyewe uliiita Lukwa na hukuona kosa. Nyumbani tulicheka pamoja nawe. Bandani walikucheka. Tofauti hiyo niliijua siku ile ile, nikaendelea, kwa sababu kushangiliwa ni kutamu. Mwezi haujaisha, vijana wa Chanji walikuwa wanasalimiana kwa "Subili kwanza", na mimi natembea kifua mbele.

Ndipo ukaja mjini kutibiwa magoti. Nilikwambia banda halifai, mabenchi mabovu, vumbi litakuchokoza kifua. Ulidhani nakuhurumia. Jumapili baada ya misa nikakuacha nyumbani na chai, nikaenda kazini. Siku hiyo mwenye banda alikuwa ameweka simu yake kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango, arekodi tafsiri yangu pamoja na vicheko, aiuze kwenye flash. Na wewe ukauliza njia, ukaja.

Nilikuona pazia la mlangoni lilipofunguka. Koti lako zito, kofia mkononi kama uko kanisani. Nilikuwa nimeshaanza kikohozi, mzee wa sinema ameshainama, na mdomo wangu ukamalizia wenyewe. Wakacheka. Kijana mmoja akakusukuma akitaka kupita, nawe ukamwambia kwa upole, "Subili kwanza, baba."

Unakumbuka kelele zile. Watu walipanda juu ya mabenchi. Mmoja akanipigia kelele, "Mshikaji, huyu mzee umemtoa wapi?" Nami, kipaza sauti mdomoni, nikajibu, "Hata mimi simjui."

Hukutoka. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hukutoka. Ulikaa, ukaitazama sinema hadi yule mzee anakufa kwenye mvua, ukafanya ishara ya msalaba, ndipo ukaondoka. Njiani hukunigombeza. Tulipokaribia nyumbani ukaniuliza yule mzee, pale kwenye buti, kwa Kiingeleza alikuwa anasema nini hasa.

Nikakwambia alisema anaogopa.

"Ungesema hivyo," ukanijibu. "Maana na yeye ni mtu."

Kesho yake ukasema ulezi umekomaa, huwezi kungoja daktari. Nikakusindikiza stendi nikijifariji kwamba yameisha. Lakini kazi yangu ni maneno, na nilianza kusikia kitu kila ulipopiga simu. Hukusema tena "subili", ulisema "ngoja". Hukuniuliza habari za kazi, uliniuliza kazi inakwendaje. Kitu kisipokuwa na jina jingine la kukwepea r, ulimpa mama simu akiseme yeye. Mzee wa miaka yote ile unachagua maneno mbele ya mwanao, unapita pembeni ya herufi moja ili nisikucheke. Nilielewa, baba. Nilielewa nikanyamaza, maana kukuambia nimeelewa kungenilazimu kuomba msamaha, na nilijiona bado nina muda. Ulipofariki mvua zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza, na nilikuwa bado sijasema.

Mama nilimdanganya kwamba ulirudi kwa sababu ya ulezi.

Kazi ya banda niliiacha, ila ile tafsiri haikuniacha. Ilishafika vijijini, hadi Mtowisa. Wiki iliyopita nilikuja nyumbani kwa misa yako ya kumbukumbu, nikamkuta mama ameketi jikoni na ile redio yake ndogo ya kuchomeka kadi. Kuna mfanyabiashara alimwekea sauti ya ile sinema, bila picha. Nikasikia kikohozi. Nikamwomba anipe hiyo kadi nifute.

Akaishika kwa mikono miwili. Akaniambia huko mwanzo ni mimi, naigiza, hilo alilijua mara moja. "Lakini hapa ni yeye mwenyewe," akasema, akaniongezea sauti.

Nilikusikia, baba. Mbali kidogo, nyuma ya kelele za mvua ya sinema, unamwambia yule kijana, "Subili kwanza, baba." Ndiyo sauti yako pekee iliyobaki duniani, mimi mwenye vipaza sauti sikuwahi kukurekodi. Kisha vicheko. Kisha yule anayesema hata yeye hakujui.

Mama akaniuliza, "Na huyu ni nani?"

Nikamwambia ni mimi. Nikamweleza yote, hadi ile safari yetu ya kurudi nyumbani. Nilitamani anipige. Alinisikiliza hadi mwisho. Akarudisha nyuma, akakusikiliza tena, na uliposema "baba" akazima haraka, kabla sijasikika nikisema sikujui. Nikatambua kidole chake kimeshazoea, kinajua mahali pa kukata.

Nisamehe, baba.

Mwanao