Jiwe la Baba Kando ya Barabara

Nursia, siku ya nne ya Novemba, mwaka wa sita wa Kaisari huyu

Kwa mdogo wangu Salvius, huko Roma,

Ukiwa mzima, nashukuru. Mimi mzima, isipokuwa goti. Mbuzi wazima, na shangazi bado analalamika, kwa hiyo naye mzima.

Nakuandikia kuhusu baba. Miezi minane imepita tangu tumzike kando ya barabara, na jiwe lake limesimama pale tupu, halina hata herufi moja. Kulia kwake yupo mfinyanzi, na jiwe lake linawaambia wapita njia wasimame wasome. Kushoto yupo mjane wa askari, naye anawaambia wasimame. Baba yetu, ambaye hakupitwa na mtu maisha yake yote bila kumsimamisha na kumwonyesha figili zake za kuuza, ndiye pekee aliye kimya. Nadhani hilo linamuuma kuliko kufa.

Siku za wafu ni katikati ya Februari. Nitampelekea mkate wake uliolowekwa kwenye divai, na sitaki kumkuta bubu. Volcius mchonga mawe anasema tukikosa maneno anayo yake, anayomchongea kila mtu: "Aliishi na mkewe bila ugomvi." Mimi na wewe tulikuwepo. Nitumie mistari minne. Si wewe ndiye mshairi?

Dada yako,
Petidia

Roma, siku ya kumi ya Desemba

Kwa dada yangu Petidia,

Salamu nyingi, na goti ulipake mafuta ya zeituni. Mimi mzima, ila sina usingizi. Kila alfajiri lazima niwe mlangoni kwa bwana wangu Lurius, nimejifunga toga, kumwamkia pamoja na watu wengine thelathini wanaomtegemea. Akiamka vibaya tunarudi bila kumwona.

Nisamehe kuchelewa. Utenzi wangu wa vita vya majitu umefika kitabu cha saba, na vitakuwa kumi na viwili. Lurius ameahidi kwamba mwezi wa Mei nitausoma mbele ya wageni wake. Dada, hilo ndilo ninaloishi kwa ajili yake. Mwili wangu utakufa, sina ubishi, lakini sitaki jina langu life nao.

Kuhusu baba, pokea mistari sitini. Inaanzia kuanguka kwa mji wa kale wa Troya.

Mdogo wako,
Salvius

Nursia, siku ya tisa ya Januari

Mdogo wangu,

Hatujambo, na theluji imefika madirishani. Mafuta yamesaidia.

Volcius hajui kusoma, anachonga tu umbo la herufi kama anavyoliona, lakini kuhesabu anajua. Aliiweka karatasi yako juu ya jiwe, akaitazama, akaniuliza jiwe la pili liko wapi. Nami nimeisoma yote. Baba anaingia mstari wa hamsini na nane, na anaitwa "mlimaji mtukufu". Baba huyu huyu aliwahi kuniuliza Troya iko upande gani wa mlima.

Kuna jambo jingine ambalo nimesita kukuambia. Siku ya soko nilinunua vibua vya chumvi kwa mchuuzi atokaye huko kwenu. Vilikuwa vimefungwa kwenye karatasi za kitabu chako cha tatu. Nilisoma kipande kizima kabla ya kukitupa, pale jitu linapozama baharini, na harufu yake ilisaidia sana.

Minne, Salvius.

Dada yako,
Petidia

Roma, siku ya ishirini na saba ya Januari

Dada,

Nimefurahi kusikia goti limepoa. Mimi nina mafua. Habari za vibua sitazijibu.

Mistari minne ndiyo hiyo kwenye kikaratasi nilichoweka ndani ya barua. Imenichukua siku kumi na moja, na nadhani hata watu wa Athene wangeisifu. Volcius asiongeze wala asipunguze.

Lurius hanipi ruhusa ya kuja, kwa hiyo nyuma ya kikaratasi hicho nimemwandikia baba salamu. Ukishamwekea mkate wake, msomee:

"Baba, usiwasimamishe watu. Wana safari. Figili zimeisha, na kazi umefanya ya kutosha. Kaa chini sasa. Ni mimi, Salvius, mwanao."

Mdogo wako,
Salvius

Nursia, siku ya ishirini na mbili ya Februari

Mdogo wangu,

Natumaini mafua yamekwisha na kwamba unasoma barua hii ukiwa umeketi.

Kikaratasi chako kilinikuta kitandani na homa. Nilimpa shangazi akipeleke. Shangazi hasomi, Volcius hasomi. Volcius alifanya kazi siku tisa nyuma ya turubai kwa ajili ya baridi, na mimi sikuweza hata kunyanyua kichwa. Siku ya wafu nikajikokota hadi barabarani na mkate wangu. Volcius akavuta turubai huku akitabasamu, maana kwa kweli herufi zake ni nzuri.

Amechonga upande wa nyuma wa kikaratasi.

Nilifungua kinywa nimtukane. Kisha nikasoma tena: kaa chini sasa. Nikakaa mimi kwenye nyasi zenye barafu, nikalia kama sikulia siku ya mazishi. Halafu nikaanza kucheka, na nusu ya mkate wa baba nikaila mwenyewe.

Dada yako,
Petidia

Roma, siku ya sita ya Machi

Petidia,

Mimi si mzima.

Lifutwe. Mawe yote ya dunia hii yanawaambia watu wasimame, langu linawafukuza. Tena jina langu limo. Barabara hiyo inapitwa na watu wa Roma, na Mei ninasoma mbele ya waheshimiwa. Wakiliona, miaka tisa ya kazi yangu imekwenda, nitaitwa mshairi wa figili mpaka naingia kaburini. Nakusihi, Volcius akwangue jiwe na aweke ile minne.

Salvius

Nursia, siku ya kumi na tatu ya Aprili

Mdogo wangu,

Hujasalimu, lakini mimi nakusalimu. Theluji imeyeyuka.

Volcius amekwenda na patasi yake mara mbili. Mara ya kwanza aliwakuta wachukuzi wanne na nyumbu wao wanalisoma, wakamfukuza. Mara ya pili alimkuta bibi mmoja asiyetufahamu akiweka figili juu ya jiwe. Alimwambia Volcius kwamba naye alikuwa na mume wa namna hiyo.

Watu wanasoma, kisha wanamjibu. Nimewasikia mwenyewe: "Haya mzee, kaa tu, tunapita." Mfinyanzi anawaambia wasimame na hakuna anayesimama. Baba anaambiwa awaache, na hawapiti.

Ukitaka lifutwe, njoo na patasi yako.

Dada yako,
Petidia

Roma, siku ya thelathini ya Mei

Kwa dada yangu Petidia,

Salamu, na kwa shangazi pia. Jana nilisoma. Kufika kitabu cha pili, wageni watatu walikuwa wamelala kwenye makochi na Lurius anachambua zeituni. Nikaendelea, maana ningefanya nini?

Nilipomaliza, mgeni mmoja, afisa aliyetoka kaskazini, alitaka kumsaidia mwenyeji wetu kuchangamsha meza. Akasema huko Nursia ameona kaburi la ajabu, akayatamka maneno yake yote kwa moyo. Waliokuwa wamelala wakaamka wakacheka. Kisha, dada, maneno yakawaingia. Lurius, ambaye sijawahi kumwona akimkumbuka mtu, akasema polepole kwamba baba yake pia alikuwa hakai chini. Halafu akauliza ni nani aliyeyaandika.

Yule afisa alikuwa amesahau jina. Ningeweza kukaa kimya.

Nikasema, "Ni mimi. Huyo ni baba yangu, na alikuwa anauza figili."

Mdogo wako,
Salvius

Roma, siku ya pili ya Oktoba, mwaka wa tatu wa Kaisari mwingine

Dada yangu mpenzi,

Ukiwa mzima, nami nafurahi. Mimi safari hii si mzima, na tabibu ameacha kunidanganya. Ni kifua.

Miaka kumi na minne nimekuwa nikikuahidi kuja, na kila mwaka kulikuwa na kitabu cha kumalizia. Sasa naja, ila mtanibeba. Nimepita madukani kutafuta utenzi wangu. Kwa wauza vitabu haupo. Kwa muuza vibua upo, kitabu cha tano na cha tisa. Lakini juzi mtoto wa jirani alikuwa akimbembeleza babu yake alale, na maneno aliyomwambia nayajua. Hakujua kwamba yana mwenyewe. Sikumwambia.

Nilazeni kando ya baba. Nasikia mwana wa Volcius amejifunza kusoma, kwa hiyo kazi apewe baba yake, asiyesoma. Jiwe langu liandikwe hivi tu:

"Mimi ni mwanawe. Msome yeye."

Nyuma ya karatasi hii nimeacha tupu. Volcius akichonga upande huo, mwacheni.

Mdogo wako,
Salvius