Mnanong'ona Nini Nikilala

Tarehe 4 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila mgongo. Unaujua mgongo wa mpiga pasi. Chiriku naye mzima, na mdomo wake haujapoa tangu nilipomzaa. Wewe je, na baridi ya huko, na wale wazee unaowaogesha na kuwalisha, wanaendeleaje?

Utashangaa kupata karatasi wakati tunaonana kila jioni kwenye tableti uliyomletea mtoto. Dada, hatuonani. Mnaonana nyinyi. Mimi narudi kutoka kwa dobi miguu imevimba, najitupa kitandani. Na nikitaka kukuambia jambo mtoto yupo katikati yetu, masikio kama sungura. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Shule niliiachia njiani, kwa hiyo soma na makosa yangu.

Kwanza asante. Zamani Chiriku alikuwa anasoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: neno, kimya, neno. Siku hizi, kwa zile hadithi za kwenye tableti, anasoma kama maji. Juzi alinisomea pakiti ya wanga mpaka jina la kiwanda, na mwalimu wake aliniita kumsifia. Ila chakula kinapoa mbele yake. Macho mekundu kama mkata vitunguu. Kamba yake ya kuruka sasa naanikia nguo. Nikimwita mara ya kwanza anaitika "abee mama" huku macho yake yapo kwenye kioo cha tableti. Mara ya pili haitiki.

Hayo ningeyavumilia. Linaloniuma ni kwamba nikijilaza jioni nawasikia mnanong'ona. Mimi nikimuuliza shuleni kulikuwaje, ananijibu "kuzuri", basi. Wewe anakupa habari nzima kwa sauti ya chini, mimi nimelala nimewapa mgongo. Wiki iliyopita nilikuwa nusu macho nusu usingizi, nikamsikia anaita "Mama", na wewe ukacheka. Mimi nikauma shuka.

Wewe ulipata shule, ukapata na ndege. Mimi nilipata huyu. Niambie, mnanong'ona nini?

Mdogo wako

*

Tarehe 20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku tu wazima, ni kazi tu. Naandika mbio kabla kengele ya kuwapa wazee dawa haijalia.

Macho mekundu na chakula kupoa si mambo ya kuniandikia, ni mambo ya kumwekea sheria. Wewe ndiye mama. Kuhusu kunong'ona muulize mwanao, maana amri ni yake, mimi natii tu.

Nina neno ambalo limekuwa likinizunguka. Mtoto ana kichwa chepesi. Kwa nini asije kusoma kwangu mwaka mmoja? Nina chumba kitupu hapa, pazia nimeshaweka. Lifikirie bila hasira.

Dada yako

*

Tarehe 9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Salamu za leo ni fupi, utanisamehe. Sote wazima, natumaini na wewe.

Chumba chako kitupu kikae kitupu.

Najua umekuwa ukipiga na hakuna anayepokea. Ni mimi. Nilimwambia Chiriku tableti imeharibika, nikaipeleka kazini, nikaificha kwenye rafu, chini kabisa ya mashuka yaliyopigwa pasi, kwa sababu kila mtu huchukua ya juu. Nilisahau kwamba watu wa ile hoteli tunayoifulia hawachukui ya juu, wanachukua rundo zima. Wakaja mapema, bosi akawakabidhi, tableti yako ikaondoka kama bibi harusi, imefunikwa nyeupe. Mtandika vitanda aliikuta anakunjua shuka. Akairudisha na maneno yake, eti kumbe madobi wetu siku hizi wanapiga pasi mpaka vioo. Wenzangu wananiita Fundi Vioo. Nacheka nao, nifanyeje.

Sasa iko kabatini, Chiriku hajui. Na wala hakulia. Bora angelia. Amechukua ile kadi ngumu tunayoiweka ndani ya shati lililokunjwa, akachora uso wako na miwani yako. Jana nimejilaza nikasikia anaiambia kadi: "Mama Mkubwa, usiongee kwa nguvu. Amelala."

Dada, hata kwenye kadi mnanificha. Nimelala pale naionea wivu kadi ya shati, kitu ninachokitupa kila siku kwenye takataka. Mtoto nimemzaa mimi, namuogesha mimi, akiwashwa usiku namkuna mimi, lakini moyo wake umekukaribia wewe uliye mbali. Kwenye shule ulinishinda, sikusema kitu. Usinishinde na hapa.

Mdogo wako

*

Tarehe 2 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole kwa mgongo. Barua yako nimeisoma chumba cha mashuka hapa kazini, ndicho pekee chenye mlango unaofungwa. Lile neno la chumba kitupu lilinikata. Nimekunywa maji, limepita.

Kwenye bahasha kuna picha. Nilizinasa kwenye simu yangu tukiwa tunaongea na Chiriku, nikaenda kuzisafishisha. Zitandaze kitandani uzitazame zote, halafu ndiyo usome mbele.

Umemwona mtoto? Hayupo. Ni wewe. Wewe na mgongo wako. Viatu vyako mlangoni, kimoja kimelala ubavu. Mkono wako umening'inia kitandani na ile alama ya pasi kwenye kiwiko. Unyayo wako, kwa karibu, mpaka nyufa nazijua.

Kila jioni nafunga mlango huu, napiga, nataka kumwona mtoto sura. Kila jioni ananigeuzia kioo. "Mtazame mama, leo wamepiga pasi vitambaa vya meza mpaka mvuke ukajaa dirisha." Mimi nina mdomo mpana, nikicheka ananinyamazisha: "Usiongee kwa nguvu. Amelala." Hicho ndicho tunachonong'ona. Habari yenyewe ni wewe.

Na siku ile hakuniita mimi Mama. Ulijigeuza, akadhani umeamka, akakuita. Ulipokoroma ndiyo nikacheka.

Nilimuuliza kwa nini hakusimulii ya shuleni. Akasema mama akirudi hana nguvu ya kusikiliza, kwa hiyo anakuwekea.

Sasa nisikilize. Mwenye wivu hapa ni mimi. Pazia la kile chumba nililichagua kwa siku nzima. Naomba nionyeshwe japo kidevu cha mtoto, naonyeshwa unyayo wa mdogo wangu. Niambie nani kamshinda nani.

Dada yako

*

Tarehe 23 Mei

Dada yangu,

Shikamoo, tena shikamoo. Sote wazima. Wewe unaendeleaje, umelala vizuri?

Picha nilizitandaza kama ulivyosema. Chiriku akaingia, akanikuta nimekaa katikati ya miguu yangu mwenyewe nalia. Akaniuliza, "Mama, nyayo zinauma?" Nikamwambia kidogo.

Nimemwambia ukweli kuhusu tableti na safari yake ya hotelini. Amecheka mpaka akakaa chini, kisha akanuna, ana haki. Sasa inakaa mezani, si mkononi wala kitandani, na inawashwa sahani zikishaoshwa. Kuna siku tunagombana, hasa akiwa katikati ya hadithi. Kamba nimemrudishia, nguo naanikia waya. Nami nikirudi sijitupi tena kwanza. Nakaa, miguu kwenye beseni, nasimuliwa. Dada, huyu mtoto ana maneno! Nilikuwa nakosa mengi, na mengine ni umbea mtupu wa darasa zima.

Lile neno la chumba nimelifuta, na wewe lifute. Likizo kubwa, ukitutumia nauli, tutakuja wote wawili. Mimi nitalala chini.

Jumapili piga. Tableti nitashika mimi. Nitamgeuzia yeye, umtazame mpaka uchoke, kidevu, mapengo, yote, na ucheke kwa nguvu unavyotaka, maana nitakuwa macho.

Ila nitakuwa nimekaa nyuma yake namsuka. Uso chukua. Nywele ni zangu.

Mdogo wako,
Mama Chiriku