Kiti cha Bonge

Mbona hupokei simu? Haya, soma tu.

Nimeitwa uwanjani kupima umeme wa lile gari la kunyunyizia nyasi dawa, analoendesha Bonge wetu. Eti akiwasha pampu, injini inazimika.

Nimepima kila kitu. Betri nzima, fyuzi nzima, waya zote nzima. Nikakaa mimi kwenye kiti, ikanyunyiza vizuri. Akakaa yeye, kimya.

Nikakaa tena mimi, inafanya kazi. Yeye, kimya!

Na huu mdomo wangu, nikacheka: "Bonge, gari limekukataa!"

Ndipo nikakumbuka swichi iliyo chini ya kiti. Ile inayozima kila kitu ikiona hakuna mtu aliyekaa. Nikaipima. Nzima kabisa.

Unanielewa lakini? Swichi ni nzima. Bonge ndiye asiye na uzito wa kuibonyeza. BONGE! Yule tuliyekuwa tunamkataza kukalia kochi la mama yako!

Alikuwa na ovaroli na barakoa ya dawa, sikuona kitu. Akavua barakoa. Wallahi nisingemtambua njiani.

Nikamwambia tuache kazi, twende hospitali sasa hivi. Akasema, "Nimetoka huko. Wamesema nikapumzike tu nyumbani."

Nikapumzike tu nyumbani. Kasema hivyo hivyo, kama anayesema mvua imenyesha.

Halafu akasema, "Wewe iunganishe moja kwa moja hiyo swichi, nimalizie nyasi zangu."

Nimeiunganisha, ndugu yangu. Sasa gari linafanya kazi hata kiti kikiwa kitupu.