Nimemkimbiza mama mkwe msituni

Alhamisi, mwishoni mwa kiangazi. Upepo unavuma kutoka ziwani, nyasi za mlimani zimekauka kabisa, na mimi nimejaa aibu.

Mimi ni mlinzi wa msitu wa serikali, huku juu ya Kavimvira. Mikaratusi ile niliipanda mwenyewe, nikainywesha maji kwa kibuyu, na adhuhuri nikikaa kivulini mwake sitamani hata kiti cha mwami. Bwana agronomu, mkubwa wangu wa kazi, aliniagiza nifyeke nyasi zote kuizunguka, moto wa kiangazi usipate pa kupitia. Kesho anakuja kukagua. Akikuta nyasi, kazi sina.

Sikufyeka. Acha niandike ukweli: wiki nzima nimelala kwenye kivuli hicho hicho.

Asubuhi nilipanda mlima kwa hofu, nikamwona mwanamke ameinama, anakata nyasi ndani ya mpaka. Hilo limekatazwa. Nilifurahi! Nikimpeleka mtu ofisini, labda bwana atasahau uvivu wangu. Nikapuliza filimbi, nikamkimbilia. Akajitwika mzigo wake, akatimua mbio kuuzunguka msitu, na kwa umri wake anakimbia vizuri sana. Zilipobaki hatua tano, akageuka.

Mama mkwe!

Kwetu mtu hamtazami mama mkwe usoni wala hamsemeshi, sembuse kumfukuza na filimbi mdomoni. Nilijitupa nyuma ya mti. Yeye akajificha nyuma ya mzigo. Tukabaki tunahema.

Lakini kazi ni kazi. Nikauambia mti:

"Weye muti, ambia ule mama: majani ya hapa iko ya Leta, ya serikali. Kukata iko makosa."

Mama mkwe naye akauambia mti:

"Muti, ambia ule bwana: nyumba yangu ya majani inavuja, na mvua iko karibu. Tangu juzi minye nazunguka hii miti nakata. Yeye iko analala tu. Nilikuwa napita polepole, asiamuke."

Nikachungulia. Pande tatu zimefyekwa safi, kuliko ambavyo ningefyeka mimi. Umebaki upande wa njia tu, ule ninaopandia kila siku. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Filimbi nikaitia mfukoni.

"Muti, ambia mama aksanti. Ambia ye tena, upande wa njia majani iko mazuri kupita yote."

Tulifyeka hadi saa kumi, tumepeana migongo. Mzigo wake wa mwisho niliubeba mpaka njia panda, nikauweka chini, nikaondoka bila kugeuka. Kesho bwana agronomu atanisifu, na sijui kama nitathubutu kumtaja aliyefyeka.

Jioni hii mke wangu ameweka ugali mezani, akanitazama kwa huruma.

"Mama alipita hapa," akasema. "Anauliza kama weye uko muzima. Anasema unaongea na miti."

Natamani sana kujitetea kwa mama mkwe. Lakini nyumbani kwake nitapitia mti gani?