Nilichokiona Kwenye Mfereji

Mjukuu wangu Furaha,

Huku Bugarama tuko wazima. Maman yako amemaliza kupanda mpunga, goti langu ndilo bado linanisumbua. Umeniuliza: viongozi wakigeuza habari za wapelelezi ili wapate sababu ya vita, kosa ni la nani?

Mwaka ule nilioolewa, maji yalikatika mashambani. Kapita, mkubwa wetu wa maji, alinituma juu mlimani, unakotokea mfereji, kuangalia. Nikarudi nikamwambia, "Matope imeziba mufereji. Sikuona muntu."

Kumbe alikuwa na kinyongo na watu wa juu, wale wanaolima kule mlimani. Akasimama mbele ya wakulima: "Huyu mama ameona batu ba juu banatufungia maji!" Watu wakainua majembe kwenda kupigana.

Nikapaza sauti: "Kapita, niliona matope tu!"

Angeweza kuniita mwongo. Akavua kofia. "Mama anasema kweli. Batu, ni mimi niliongeza maneno. Kosa ni yangu."

Jibu langu ni hilo, Furaha. Tulipanda mlimani na majembe yaleyale kuzibua mfereji. Watu wa juu walipotuona, wakashuka na ya kwao kutusaidia.

Koko yako