Simu ya Baba Mkwe Imeacha Kusema Kiswahili

Bi Munira, shikamoo. Nakuandikia nikiwa jikoni, maana jikoni ndiko ninakoweza kukaa kwa raha baba mkwe akiwa sebuleni, na naomba unisaidie mapema kwa sababu mwisho wa mwezi mume wangu anarudi, na akirudi atamchukua baba yake ampeleke Tukuyu akakae peke yake, na kosa ni langu, na mzee hajui kuwa ni langu.

Naitwa Tupokigwe, naishi Kimara, nauza vitambaa vya mapazia Manzese. Mume wangu Isack anaendesha lori la Kongo, kwa hiyo siku nyingi nyumbani tunakuwa wawili, mie na baba yake, mzee Asegelile, aliyekuwa fundi cherehani huko kwetu mpaka presha ya macho ilipomaliza kuona kwake na Isack akamleta huku. Sisi ni Wanyakyusa, Bi Munira, na wazee wetu wa zamani wana mwiko wa mkwe: mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani uso kwa uso, hawasemeshani, na mke huyo hagusi vitu vya baba mkwe. Najua siku hizi wengi wameacha, hata majirani zangu wa kwetu wananicheka, lakini mzee ni mtu wa zamani na mie nimelelewa na bibi wa aina hiyohiyo, na kwetu hiyo siyo chuki, ni heshima, tena heshima kubwa. Naandaa chakula mezani, napita nyuma ya pazia, naye ndipo anatoka chumbani. Kwenye nyumba zingine wajukuu ndio wanakuwa wajumbe, lakini mimi na Isack hatujajaliwa mtoto.

Mjumbe wetu ilikuwa simu. Isack alimnunulia baba yake simu ya kisasa akaiweka iwe inasoma kila kitu kwa sauti, basi mie naandika jikoni, "Baba, chai iko mezani, kikombe kiko mkono wa kulia," na simu yake inamsomea kwa sauti ya mwanamke mwenye Kiswahili kilichonyooka, naye akitaka kujibu anaongea, simu inaandika, ujumbe unanifikia. Bi Munira, mie na mzee huyu hatujawahi kuangaliana lakini hakuna mtu ninayeongea naye kama yeye, ananiuliza biashara imekwendaje, ananifundisha jinsi ya kukata pazia lisivute upande mmoja, na ujumbe wake wa kwanza kabisa kwangu, wakati mawifi walikuwa wananisema sana juu ya mtoto, ulikuwa huu: "Mama, usiwaze. Nyumba yenye watu watatu ni nyumba iliyojaa." Nilikaa chini jikoni nikalia, na ujumbe ule ninao mpaka leo.

Sasa kosa langu. Simu yake ilianza kulalamika kuwa imejaa, na kwa kuwa mie siwezi kuigusa, nilimwita jirani yangu Elinaza, ambaye siyo wa kabila letu na mzee amemzoea, akakaa naye sebuleni na simu mkononi huku mie nyuma ya pazia naelekeza kwa kunong'ona. Elinaza akasema zimejaa video za kwaya na za misiba ya nyumbani, nikasema hizo usifute, mzee anapenda kuzisikiliza, tafuta kitu kingine. Akasema hapa kuna huduma ya sauti, ina maapdeti makubwa, niyaondoe? Nikasema ondoa, apdeti za nini, mbona simu inaongea vizuri tu. Akabonyeza.

Tangu siku hiyo simu inasoma Kiswahili kwa sauti ya Mzungu. Nikiandika chai iko mezani, inatoka kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, mzee haelewi hata neno moja, na upande wa Kiswahili imeandika tu kwamba inasubiri kupakua, inasubiri, haiendi mbele wala nyuma. Hata akiongea haiandiki tena. Elinaza aliipeleka kwa fundi Manzese, fundi akasema hiyo dawa yake ni kuiflashi, ifutwe yote ianze upya, nikamwambia Elinaza airudishe haraka, maana maongezi yetu yote yamo humo.

Mwanzoni mzee alicheka. Nilimsikia anauliza sebuleni, "We ukuta, hebu niambie, huyu mama wa Kizungu amehamia lini humu ndani?" Akawa anaongea na ukuta ili mie nisikie, "Ukuta, mwambie mama ugali ulikuwa mzuri." Nami nasikia lakini sina namna ya kujibu. Juzi alinyoosha mkono akaelekea kwenye birika la moto, nikapiga makofi nyuma ya pazia, akashtuka, akaurudisha mkono. Halafu akasema taratibu, "Ukuta, mama amenichoka? Kama amenichoka si vibaya, mzigo unachosha." Nilikuwa nimesimama hapohapo, hatua chache tu, nimeuma pindo la khanga.

Jana alimpigia Isack, ile ya kupiga anaiweza kwa vidole, akamwambia ukirudi nipeleke nyumbani, nyumba yako imekuwa kimya. Isack akanipigia kuniuliza kuna nini, nikamwambia hakuna kitu, wazee tu wanakumbuka kwao. Niliona aibu kusema kwamba niliua sauti ya simu kwa mdomo wangu mwenyewe, hata Elinaza nimemwomba asimwambie mzee.

Bi Munira, huko Tukuyu nyumba yake imefungwa, hakuna mtu wa kumwekea kikombe mkono wa kulia. Nifanye nini? Nivunje mwiko niseme naye, nimvunjie heshima yeye na bibi yangu aliyeko kaburini? Au ninyamaze aondoke? Nampenda huyu mzee, ni baba yangu.

Tupokigwe, Kimara

Bi Munira anajibu:

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma, nikavua miwani nikaifuta, nikaisoma tena. Sasa panguza macho na wewe, maana tuna kazi.

Kwanza nikugombeze, nikimaliza tutakuwa marafiki. Makofi, Tupokigwe? Mtu asiyeona anaelekea kwenye birika la moto na wewe unapiga makofi kama unafukuza kuku? Sikiliza. Siku moto unamkaribia, siku anateleza bafuni, siku kifua kinambana, hiyo siyo siku ya mwiko. Piga kelele, toka mbio, mshike mkono, mambo ya mila mtayamaliza mzee akiwa mzima. Wazee wenu waliweka mwiko ule wamlindie mtu heshima yake, hawakuuweka aungue. Na hilo birika kuanzia leo liache jikoni, chai imiminwe hukohuko.

La pili, umemdanganya mumeo. "Hakuna kitu, wazee wanakumbuka kwao." Hivi mtu yuko njiani na lori, anapanga kumhamisha baba yake, na wewe unamficha sababu kwa ajili ya aibu ya kubonyeza kitufe? Ukishamaliza kusoma hapa mpigie, mwambie kama ulivyoniambia mimi. Atacheka. Akishacheka ataona uchungu, halafu ataelewa.

Haya, tuje kwenye simu, na hapo usinidharau kwa umri wangu, maana mie mwenyewe macho yananitupa mkono na usiku simu yangu ndiyo inanisomea barua zenu. Yaliyokukuta yaliwahi kunikuta. Simu yenu si mbovu. Ile sauti ya Kiswahili ni faili lake peke yake, liliingia na hizo apdeti mlizoziondoa. Simu ikilikosa inasoma kwa sauti iliyobaki nayo, ndiyo huyo mama wa Kizungu. Imeagiza sauti nyingine, lakini imekwama kwa sababu mbili: haina nafasi ya kuiweka, na imeambiwa isipakue vitu vikubwa mpaka iione waifai. Nyumba yenu ni ya bando. Itasubiri hadi kiama.

Mwite Elinaza, na safari hii zungumzeni kabla hajabonyeza. Video za kwaya na za misiba azihamishie kwenye simu yako, usizipoteze, mzee atazihitaji. Hapo nafasi imepatikana. Ile simu inayosoma kila kinachoguswa inasumbua mtu anayeona, kwa hiyo abane vitufe viwili vya sauti kwa pamoja, avishikilie mpaka usomaji uzimike, akimaliza kazi auwashe kwa njia hiyohiyo. Azime simu aiwashe, ili ile foleni iliyokwama ivunjike. Halafu wewe hukohuko jikoni fungua hotspoti kwenye simu yako, na Elinaza aiunganishe simu ya mzee. Simu itaona imepata waifai, haitajua kuwa ni bando lako kutoka nyuma ya pazia. Hapo aingie kwenye duka la programu humohumo simuni, aitafute ile huduma ya sauti, aiapdeti mpaka imalize, simu ikiwa kwenye chaji. Mwisho aende kwenye setingi, sehemu ya lugha na usomaji, apakue sauti ya Kiswahili na aichague yeye kwa mkono wake, asiiachie simu ijichagulie. Na pale kwenye kibodi, kwenye kuandika kwa kuongea, afanye vilevile, ili mzee akisema iandike. Kama huduma bado ni kaidi, aifute akiba yake tu, yale mabaki ya muda, halafu ajaribu upya. Akiba, nimesema. Asiguse penye neno la kufuta data, wala asiondoe apdeti yoyote. Na huyo fundi wa kuiflashi mpiteni kwa mbali, mtu anayetaka kubomoa nyumba kwa sababu mlango umekwama.

Sasa swali lako kubwa. Unaniuliza uvunje mwiko au unyamaze. Mie mtoto wa Temeke, kwetu baba mkwe unamsalimia, unamnawisha mikono, mnaulizana habari za jana. Ningekuwa mtu wa haraka ningekwambia toka huko nyuma ya pazia, mwanamke, haya mambo yamepitwa. Siwezi kukwambia hivyo, kwa sababu nimeona kwenye barua yako kitu ambacho wengi waliopeana mikono na wakwe zao hawana. Huo mwiko ni wa watu wawili. Wewe huna ruhusa ya kuuvunja peke yako kwa sababu ya huruma, naye hana ruhusa ya kukuhukumu kwa kimya ambacho yeye pia anakishika. Muulizeni. Isack akirudi akae na baba yake, amuulize: baba, kwa hali yako hii, unataka mkwe wako aseme na wewe kwa sauti yake, au mwendelee kama zamani? Akisema aseme, fanyeni kama taratibu za kwenu zinavyotaka, wazee wenu mnawajua. Akisema hapana, usinung'unike, rudi kwenye simu yako. Heshima hamkuwahi kupungukiwa. Mlipungukiwa mjumbe.

Lakini najua unachowaza: huenda Elinaza yuko kazini mpaka jioni, na mzee amekaa pale sebuleni sasa hivi anaamini amechokwa. Usimwache alale na hilo. Nashangaa hili hukuliona. Simu iliyoharibika ni ya kwake. Ya kwako je? Hiyo huna mwiko nayo. Pakua Kiswahili kwenye simu yako, fungua ile programu ya kutafsiri, andika maneno yako kwa Kiswahili, na pembeni kuna alama ya spika, ukiibonyeza inasema. Sauti ni ileile anayoijua, au kama siyo yeye basi ni dada yake. Ongeza sauti mpaka mwisho, iweke juu ya kigoda upande wako wa pazia, hujamsemesha, hujamwona, hujagusa chake.

Kama maneno yanakupotea, haya hapa, uyanakili yalivyo:

"Baba, shikamoo. Sijakuchoka. Simu yako niliiharibu mimi kwa kumwelekeza Elinaza vibaya, nikaona aibu kusema. Kila ulichomwambia ukuta nilikisikia, na kila siku nilikuwa nakujibu kwa machozi tu. Usiende Tukuyu. Uliniambia nyumba yenye watu watatu ni nyumba iliyojaa. Ukiondoka tutabaki wawili, na mmoja yuko Kongo."

Bonyeza. Halafu usikimbilie jikoni, nakujua. Kaa hapohapo nyuma ya pazia umsikilize, maana atauliza tu, "We ukuta, ni kweli?" Nawe uwe umeshaandika: "Ni kweli, baba."