Jumatatu Bila Sala

Miyuji, Dodoma

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake. Goti lake linaendeleaje, na baridi ya huko Tukuyu imepungua? Mimi mwili ni mzima. Huku ni upepo na vumbi tu, midomo inapasuka. Nakuandikia barua kwa sababu jambo hili nilijaribu kukuambia kwa simu mara mbili. Ulipopokea nikaishia kuuliza habari za mahindi.

Baba, mimi siamini tena kuwa Mungu yupo. Ni miaka sasa. Nilijua litakuumiza, wewe mzee wa kanisa, ndiyo maana nikawa nainamisha kichwa na kunyamaza, nyumbani na hapa kazini.

Ofisini kwetu kikao cha Jumatatu kilikuwa kinafunguliwa kwa sala, na anayeomba ni Mzee Madeje, mhudumu wetu, Mgogo wa Mpwapwa anayetuletea chai na kubeba mafaili. Siku moja aliumwa, mkuu wa idara, mwanamama, akanigeukia.

"Ambokile, tuombee."

Nikasimama. "Samahani Mama, mimi siamini. Nikiomba nitakuwa nawadanganya."

Tangu siku hiyo nanywa chai peke yangu. Mwenzangu wa meza ya pili alihamisha kiti chake. Jumapili, majirani wakienda ibadani, mimi hufua nguo ambazo wala si chafu.

Nikamfuata mkuu. Nikamwambia ofisi ya umma ni ya wote, kuna Waislamu, kuna mimi, mtu asilazimishwe. Akafikiri, akakubali: kikao kianze moja kwa moja, bila sala. Nilitoka pale nikijiona mshindi.

Mzee Madeje aliporudi kazini, aliniwekea kikombe mezani bila kunitazama.

"Mzee, nimekukosea?" nikauliza.

"Mwanangu, wiki nzima mimi hapa ni birika na mafaili. Jumatatu peke yake ndiyo mlikuwa mnanyamaza nizungumze. Hata kuniuliza hukuniuliza."

Nilitaka nisilazimishwe, nikaishia kumfunga mdomo mtu mwingine. Nilirudi kwa mkuu nikaomba sala irudishwe, ila asiyetaka asiitwe kuomba, wala asionekane mkosaji.

"Mbona hueleweki wewe?" akacheka, lakini akakubali.

Jumatatu iliyopita nilisimama nao, macho wazi, mikono nyuma. Mzee akaombea mvua, akaombea macho ya mkewe, kisha akasema, "Na kijana wetu huyu aliye mbali na wazazi wake, asijione mpweke."

Wote wakaitikia amina. Mimi sikuitikia, Baba. Nilitazama ukutani huku machozi yakinitoka, na hakuna aliyeona kwa kuwa walikuwa wamefumba macho.

Wenzangu bado hawajanizoea. Nikija likizo nitakusindikiza kanisani na kukaa kando yako, lakini usinitake niimbe. Sijui kama utapenda mtu wa namna hiyo akae benchi moja nawe. Kama hutaki, niambie. Nikinyamaziwa ndipo nitaumia zaidi.

Nisalimie shangazi anayetunza migomba yetu, na kaka mwalimu pamoja na wanawe. Mama msomee barua hii wewe mwenyewe, taratibu.

Ni mimi mwanao, bado wako,
Ambokile